Mtamba Aliyeandikwa Kijivu

Jumapili, 3 Juni 2007

Daftari hili lilikuwa la mwanangu Noel la fizikia. Ameandika kurasa kumi na moja, akachora vioo na mishale ya mwanga, kisha akarudi bweni na kuliacha chini ya kitanda kana kwamba hapa Karatu karatasi zinaota shambani. Mimi mtoto wa Marangu situpi karatasi safi. Nitaandika humu ya duka na yanayonikera. Msimu wa ukungu umeanza, na watu wenye baridi hukera kuliko kawaida.

Baba Noel alirudi jana kutoka Arusha na katoni sita za tochi za Kichina. Hazina balbu. Zina vitaa vidogo tisa, vimepangwa kama punje za mahindi, na ukiwasha unatoka mwanga mweupe pe, unafika kwenye bati la kanisa ng'ambo ya barabara. Nimeuza tochi miaka kumi na minne. Jana nilisimama mlangoni kulimulika lile bati mpaka wali ukaungua jikoni, na wala sikujali.

Jumanne, 5 Juni

Zimeondoka kumi na tisa leo. Kila mteja ana swali moja: "Inafika wapi?" Namwonyesha bati la kanisa, anatoa hela.

Alhamisi, 7 Juni

Siku ya mnada. Tarehe saba na tarehe ishirini na tano ya kila mwezi mji huu ni wa ng'ombe, sisi wengine tunapishana nao. Seenoi alikuja kama kawaida yake, sukari, majani ya chai, betri mbili. Ni Mmaasai wa Nainokanoka, huko juu nyuma ya kreta, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Tochi yake ya balbu ina kutu hadi kwenye swichi. Nikamwambia, "Yeyo," yaani mama kwa Kimaasai, "hiyo kaizike, chukua hii." Akamulika sakafu, akamulika mkono wake, akaugeuzageuza mkono. Hakuuliza inafika wapi. Lakini alinunua.

Jumamosi, 9 Juni

Wagonjwa wa tochi wamenijia tena. Kiongozi wao ni Qamara, Mwiraqw wa hapahapa, dereva wa watalii. Wageni wakiondoka huwaachia madereva vitu. Wenzake huomba viatu na darubini, yeye huomba tochi. Ana saba, mtu mzima na watoto wanne. Jioni akishusha wageni anapaki Land Rover nyuma ya duka, wanakusanyika yeye na madereva wawili, wanamulika ukuta wangu mweupe na kubishana.

"Huu una ubuluu."

"Huo una ukijani, tazama pembeni pale."

"Wa kwangu ndio wa siagi."

Walimulika na tochi yangu mpya. Qamara akainamisha kichwa kama daktari. "Shemeji, hii ina nguvu, hilo halina ubishi. Ila mwanga wake unaumwa."

Nikamwambia wateja wangu hawanunui mwanga mzima wala mgonjwa, wananunua unaofika mbali, na kama hana la kununua aondoe gari lake nipate pa kuanikia.

Alhamisi, 14 Juni

Ukungu kutwa. Hakuna jambo.

Jumatatu, 25 Juni

Mnada. Seenoi kairudisha tochi.

"Imeharibika, yeyo?"

"Haijaharibika. Inawaka sana."

"Sasa shida nini?"

"Inaua rangi."

Nilidhani Kiswahili kimempiga chenga. Akaeleza taratibu. Jioni wanakamua, na kila ng'ombe hupewa kwanza ndama wake anyonye kidogo ndipo maziwa yashuke. Kulikuwa na ukungu, giza limeingia mapema, akawamulika ndama kwa tochi mpya ili amchague wa ng'ombe anayemkamua. Akamtoa asiye wake. Ng'ombe akampiga ndama teke, kibuyu kikamwagika. "Toka nilipokuwa mdogo sijakosea ndama," alisema. "Kwa mwanga huu wote ni majivu."

Nikamwonyesha maandishi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Hakugombana. Aliiweka tochi mezani, akanunua betri za ile yake yenye kutu, akaaga. Angenitukana ningelala vizuri.

Jumanne, 26 Juni

Nilimsimulia Qamara nikitegemea atacheka. Hakucheka. Akasema, "Shemeji, leta kitenge chako cha Krismasi, nyanya mbili, na kipande cha nyama kutoka buchani." Tukaingia stoo, ambako hakuna dirisha, na baba Noel nyuma yetu anauliza kama tunapika au tunaagua.

Akawasha tochi ya duka. Kitenge changu ni rangi ya damu ya mzee, nilikichagua mwenyewe Arusha baada ya kuzunguka maduka tisa. Kiligeuka mkaa. Nyanya zilikuwa kahawia. Nyama ningeiona hivyo buchani ningemfungulia mwenye bucha kesi. Kisha akazima, akawasha katochi kake kadogo alikoachiwa na bibi mmoja wa Kijerumani, kenye balbu na mwanga wa rangi ya siagi. Hakafiki hata nusu ya barabara. Wekundu ukarudi. Kitenge, nyanya, nyama, vyote vilirudi kwa pamoja, na mimi nilihisi vimevuta pumzi. Hata baba Noel, ambaye haachi utani hata kanisani, aliinama akagusa nyanya moja kwa kidole.

"Mwanga hauwezi kukuonyesha kitu ambacho wenyewe hauna," Qamara akasema. "Huu mweupe umepungukiwa wekundu. Sasa wekundu utauonaje?"

"Mbona wateja hawalioni hilo?"

"Wateja wanapima umbali. Hawapimi kilichoko huko mbali."

Niliwasha na kuzima mara nyingi baada ya wao kuondoka. Miaka kumi na minne nauza mwanga na sijawahi kuutazama.

Jumatano, 27 Juni

Zimeondoka ishirini na mbili. Sikumwambia mtu kitu.

Jumamosi, 7 Julai

Mnada. Nilimwita Seenoi kabla hajafika kaunta, nikampa tochi mpya ya balbu badala ya ile. Maandishi ya ukutani nimeyafunika na kalenda. Akacheka kwa mara ya kwanza mbele yangu, akakaa kwenye gunia, tukanywa chai.

Nilimuuliza ana ng'ombe wangapi. Akasema hahesabu, wakirudi jioni huona nani hayupo. Nikamuuliza ng'ombe mwekundu wanamwitaje. Akaniuliza, mwekundu yupi? Kisha akaanza. Yuko mwekundu wa udongo wa njiani, yuko wa figo, yuko mwekundu anayefifia akielekea miguuni. Yuko *mugie*, ambaye ni mwekundu mzito unaokaribia zambarau. *Pus* ni wa kijivu cha wingu la mvua. Kila jina alilitaja akitazama mbali, nami nikajua anamwona ng'ombe fulani, mwenye shingo na macho yake. Mimi nikitazama ng'ombe naona ng'ombe. Huyu mama nilikuwa namwonea huruma kwa tochi yake yenye kutu.

Jumatano, 18 Julai

Nimepanda juu na Qamara kupeleka betri kwenye hoteli moja ya ukingoni mwa kreta. Aibu yangu hii: nimekaa Karatu miaka yote hii na sijawahi kusimama ukingoni asubuhi. Ukungu ulikuwa umejaa kreta hadi juu. Qamara akasema ngoja. Jua likatoka, ukungu ukapasuka katikati, na kule chini kabisa ikatokea nchi. Ziwa likatokea, majani yakatokea, na nukta nyeusi ambazo Qamara alisema ni nyati. Hakuna rangi iliyofanana na jirani yake. Nilisahau kushusha betri. Nilisimama na katoni kichwani mpaka mlinzi akaja kuipokea.

Jumatano, 25 Julai

Mnada. Seenoi hakuja. Nilimwekea sukari.

Jumamosi, 28 Julai

Seenoi kaja leo, siku isiyo ya mnada, kwa miguu mpaka geti la hifadhi kisha lifti ya lori la mbao. Midomo imepasuka kwa baridi. Ijumaa ya wiki iliyopita, jioni, ng'ombe wakiwa wanarudi kwenye ukungu, watu walikata kundi. Wamechukua tisa, na wote tisa ni wa nyumba yake, si wa mumewe wala wa wake wenza. Kwao kila mke ana ng'ombe wake anaowakamua, watoto wake wanakunywa humo. Sasa asubuhi na jioni anasimama na kibuyu mlangoni kwa mke mwenza.

Anayemlilia zaidi ni mtamba mmoja, *mugie*, mwenye mimba ya kwanza. Bibi wa mtamba huyo, Seenoi alipewa na mama yake siku anaolewa. "Huyo akipotea," alisema, "mama yangu ametoka nyumbani kwangu."

Nilimuuliza kama aliwaona wezi. Akasema hakuona sura, aliona mwanga tu kwenye ukungu. Mweupe.

Nilimfungia sukari. Niliifunga vibaya, ikamwagika, nikafunga tena.

Jumatano, 1 Agosti

Baba Noel kaleta katoni kumi. Tumegombana hadi majirani wakapunguza redio wasikie vizuri. Anasema kisu hakikamatwi kwa kosa la aliyekishika. Ana haki, na nimekataa kumwambia.

Jumanne, 7 Agosti

Naandika hata sijavua viatu.

Mnada ulikuwa unafungwa, giza linaingia na ukungu unashuka kutoka msituni, nami nafunga komeo. Seenoi akatokea anakimbia. Sijawahi kumwona akikimbia. "Mama Noel, njoo. Mtamba wangu anapandishwa lori."

Tulipofika, Fuso lilikuwa limerudi kinyumenyume kwenye kilima cha kupakilia, nusu limejaa. Mtamba alikuwa chini bado, kafungwa kwenye nguzo. Masikio yake yamekatwa upya, alama ya zamani haipo. Bwana mifugo alikuwa amesimama pale na tochi, na tochi yenyewe ni ya kwangu, nilimuuzia mwenyewe mwezi wa sita. Pembeni yake Inosenti, mnunuzi wa ng'ombe wa hapa mjini, kijana nadhifu, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, mama Noel."

"Marahaba."

Alikuwa na karatasi ya mauziano. Bwana mifugo akaisoma kwa sauti: mtamba mmoja, rangi kijivu, amenunuliwa tarehe 29 Julai saa sita mchana njiani upande wa Malambo, na vidole gumba viwili vya mashahidi. Kisha akamgeuza Seenoi, ampe ng'ombe mgongo, akamwambia, "Mama, taja wako yukoje."

Seenoi akataja. Alisema ni *mugie*, mwekundu mzito, na ndani ya wekundu ule kuna nywele nyeupe moja moja mwili mzima kama mtu aliyepita karibu na mashine ya kusaga. Kwenye paja la kushoto wekundu umekolea, mahali pa upana wa kiganja. Kuzunguka jicho ni rangi ya chai.

Bwana mifugo akamulika. Watu wakasogea. Mtamba alikuwa wa kijivu, kijivu toka kichwani hadi mkiani, paja la kushoto sawa na la kulia.

"Mama," akasema kwa upole, "huyu ni kijivu."

Kuna waliocheka. Mmoja akasema Wamaasai kila ng'ombe duniani ni wao. Na mimi, naandika ili nisijifiche, nilimtazama yule mtamba kwa macho yangu na nikaamini kwamba Seenoi amekosea, uchungu umemchanganya. Seenoi aligeuka, akaona, akatikisa kichwa. Alinitazama mimi. Hapo ndipo nilipokiona kitenge changu kikigeuka mkaa pale stoo.

"Zima hiyo tochi," nikasema.

"Mama Noel, tukizima tutaona nini?"

"Zima. Nani amemwona Qamara?"

Alikuwa kituo cha mafuta, hatua mia, na aliposikia anatafutwa kwa ajili ya tochi alikuja mbio kama anaitwa kwenye harusi yake. Katochi ka bibi wa Kijerumani kako mfukoni siku zote. Bwana mifugo akazima ya kwake. Tukawa gizani, tunasikia ng'ombe wakipumua ndani ya lori. Qamara akawasha.

Mtamba akawaka. Sina neno lingine. Wekundu ulitoka ndani ya kijivu kile ukapanda mwili mzima, damu ya mzee, na zile nywele nyeupe zikajitenga moja moja juu yake, na kwenye paja la kushoto kikatokea kiganja cha wekundu mzito. Jicho lina pete ya chai. Mama mmoja wa Kiiraqw jirani yangu alifanya ishara ya msalaba. Ng'ombe hakuwa amesogea hata hatua moja.

Inosenti ndiye aliyezungumza kwanza, na tabasamu. "Basi nilikosea kuandika. Mkono wa binadamu. Karatasi tutarekebisha, ila ng'ombe nimemnunua kihalali."

Bwana mifugo akakuna kidevu. Nikaona anaelekea kukubali, maana neno moja kwenye karatasi kweli si wizi. Dereva wa Fuso akawasha injini.

"Inosenti mwanangu," nikasema. "Karatasi hii uliiandika wewe?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Ukiwa unamwangalia ng'ombe?"

"Yuko mbele yangu, na mashahidi wapo."

"Jua linawaka?"

"Saa sita, mama. Jua la utosi."

"Sasa kwenye jua la utosi kijivu ulikiona wapi?"

Sikumsubiri ajibu. Nikamgeukia bwana mifugo, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyoipanga. "Mwashie tena ile nyeupe. Mnaona? Kijivu. Huyu mtamba juani ni mwekundu, kwa balbu ni mwekundu, kwa kuni za jikoni ni mwekundu. Kijivu hiki kinapatikana mahali pamoja tu, kwenye tochi yangu. Aliyeandika neno hili alikuwa gizani, na hakuwahi kumwona ng'ombe huyu mchana. Nyote nimewauzia tochi hizi. Zinafika mbali na zinadanganya rangi, na nilijua toka mwezi wa sita nikanyamaza."

Baba Noel alikuwa nyuma ya umati. Alitazama viatu vyake.

Bwana mifugo aliisoma ile karatasi upya, polepole, kwa katochi ka Qamara. Kisha akamwambia dereva azime injini. Inosenti alisema maneno mengi baada ya hapo, mara saa sita ilikuwa saa kumi na mbili, mara aliyeandika ni shahidi. Waliompeleka polisi walikuwa haohao waliocheka.

Seenoi alikuwa ameweka paji lake la uso kwenye ubavu wa mtamba. Alikaa hivyo mpaka tulipomfungua kamba.

Jumatano, 8 Agosti

Nilidamka kwenda kumwona mtamba juani. Nilidhani katochi ka Qamara kametuonyesha yote. Kalituonyesha nusu. Kwenye jua, chini ya ule wekundu kuna zambarau inayopita kwenye ngozi akipumua. Nilizunguka mara tatu. Bwana mifugo amempa Seenoi karatasi, na wanaume wa kwao wamekuja kumswaga juu. Wale wanane wengine hawajapatikana. Inosenti anasema waliuzwa njiani, hajui kwa nani.

Jumamosi, 11 Agosti

Nilidhani nimeliua duka. Wapi. Watu wanakuja wanauliza, "Ile iliyomgeuza ng'ombe ipo?" Wanamulika bati la kanisa, wanalipa. Nawaeleza moja moja: hii inafika mbali, hii inaonyesha rangi. Jumla waliochukua ya rangi leo ni wawili, mkunga na fundi cherehani. Baba Noel amenionea huruma, amesema ataleta katoni moja ya tochi za balbu kwa ajili ya heshima yangu.

Jumamosi, 25 Agosti

Mnada. Seenoi amekaa na mimi asubuhi nzima. Nimemwomba anifundishe wale wanane. Amenitajia mmoja mmoja, nimeandika kwenye kurasa za nyuma, halafu akafunga daftari kwa mkono wake na kuniambia nirudie. Nimekosea watano. Ametucheka, mimi na daftari. Tukarudia. Nilimwambia wezi hawatarudi Karatu. Akasema ng'ombe hajui kuogopa Karatu, atapita.

Jumatatu, 3 Septemba

Qamara kaleta salamu kutoka juu. Mtamba amezaa, ndama jike, wote wazima.

Ijumaa, 7 Septemba

Mnada. Nimefunga duka, siku ambayo mji mzima unanunua. Baba Noel ameniuliza kama nimelogwa. Nimesimama lango la ng'ombe toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa saba. Hakuna. Lakini sijaona ng'ombe wawili wanaofanana.

Jumanne, 25 Septemba

Ukungu umekwisha. Leo jua lilitoka kavu, vumbi mpaka kwenye meno. Nilisimama langoni tena. Lilipita kundi la Mbulu, likapita la Mang'ola. Saa nne likaja kundi dogo, ng'ombe kumi na wawili, mbele yao mzee mwenye fimbo ambaye sijamwona kamwe. Niliwaacha wapite kama nilivyowaacha wengine.

Wa tatu kutoka mwisho alikuwa ng'ombe jike mkubwa. Mgongoni ni rangi ya asali ya nyuki wadogo, inashuka ubavuni inapauka, inafika tumboni ikiwa maziwa. Kwenye goti la kulia kuna moshi. Nyuma ya sikio la kushoto, mahali ambapo lazima usimame upande wa jua ndipo upaone, kuna unywele mwekundu, shada dogo, halina mwenzake mwili mzima.

Sikufungua daftari. Nilitembea katikati ya pembe, mimi ninayeogopa hata mbuzi, nikamshika shingo, na shingo ilikuwa ya moto kwa jua.

Yule mzee akarudi nyuma na fimbo yake. Hakuwa na ubaya, alishangaa tu kumwona mama wa duka ameng'ang'ania ng'ombe wake. Akaniuliza, "Mama, unamfahamu huyu?"

Nikamwambia namfahamu, na mwenye ng'ombe pia ninamfahamu, na tangu mwezi wa saba amesimama mlangoni kwa watu na kibuyu kitupu akimsubiri.